Fundi Asiyetaka Kusukumwa

Fundi alikuwa na siku mbili tu katika juma: Ijumaa na kesho. Ukimpelekea kitambaa Jumatatu atakwambia njoo Ijumaa. Ukienda Ijumaa atakwambia njoo kesho. Na hiyo kesho utaikuta suruali yako imeshonwa mguu mmoja, wa pili bado kitambaa, naye anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemchelewesha. Miaka yote niliyokaa Kibiti sikuwahi kuvaa gauni jipya la Idi siku ya Idi yenyewe. Nilivaa Idi pili. Upande wetu wote wa stendi tulivaa Idi pili, na tukazoea.

Nilimgombeza mara moja tu, nikiwa bado mgeni. Nikamwambia, "Fundi, wewe ni mtu wa kuswali, mbona unasema uongo mchana kweupe?" Hakukasirika. Alitoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye ukosi wa shati lake, akasema, "Mwalimu, ahadi ya nguo si uongo. Ni dua."

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hiyo si habari ninayoiweza. Najua alitoka kusini, milimani, kwa Wamatumbi, na kwamba miguu yake ilikuwa imepooza zamani, kabla sijamjua. Mimi ni mtu wa Mbwera, kule chini kwenye visiwa na vijito vya delta, nililetwa Kibiti kufundisha shule ya msingi. Siku ya kwanza niliyompelekea sare za kushona nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanitazama miguuni.

"Watu wa matope nao siku hizi wanavaa viatu?"

"Kwetu ardhi laini," nikamjibu. "Viatu tunavaa tukija kwa watu wa mawe."

Alicheka mpaka akaachia gurudumu la cherehani. Tangu hapo utani ukafunguka kati yetu, na chini ya utani ule tuliambiana mengi ambayo mtu na mkubwa wake hawaambiani.

Cherehani yake ilikuwa ya mkono. Mafundi wenzake pale barazani walikanyaga kwa miguu. Yeye alizungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kukiongoza kitambaa kwa wa kushoto, kutwa kucha, mwaka hadi mwaka. Mkono wa kulia ulikuwa umenenepa kumzidi mwenzake, naye alilijua hilo, kwa hiyo mashati yake mwenyewe aliyashona na mkono mmoja mpana zaidi. Ukiambiwa ndipo unaona. Usipoambiwa huoni, maana alikuwa fundi kwelikweli pale alipotaka kuwa fundi. Nilimkuta siku moja anafumua kanzu ya mfanyabiashara mmoja, kanzu nzima, iliyokwisha kupigwa pasi. Nikamuuliza ina nini. Akasema katumia uzi usio wenyewe kwenye pindo la ndani. Nikamwambia pindo la ndani nani ataliona. "Hakuna," akasema, na akaendelea kufumua. Mwenye kanzu alikuwa amesimama pale pale akisubiri kwenda harusini. Alikwenda na shati.

Vipimo hakuandika. Alikupima kwa macho ukiwa unakuja, na ukifika alikwisha kumaliza. Wanawake hawakupenda jambo hilo, lakini nguo zilikaa. Hata hivyo alikuwa na yadi, ule ubao wa kupimia kitambaa, na haukutoka ubavuni mwake. Sikumwona akipimia kitambaa hata siku moja. Yadi ilikuwa ya kupigia vidole vya watu.

Hapo nieleze vizuri, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Fundi alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, aliyochomelewa na fundi vyuma wa Ikwiriri. Pedeli zake zilikuwa juu, mbele ya kifua. Unazungusha kwa mikono, mnyororo unavuta gurudumu la mbele. Kibiti ya miaka ile ilikuwa mchanga mtupu, mchanga wa kuzamisha hata miguu ya mbuzi, na watu wetu wana tabia moja: wakikuta mtu ana mzigo, wanaupokea. Hawaulizi. Mkono unatangulia tu. Basi mtu akimwona Fundi anahangaika mchangani anaweka mkono nyuma ya kiti na kusukuma, huku akiendelea na mazungumzo yake. Na Fundi, bila kugeuka, anapeleka yadi nyuma, pa! juu ya vidole.

"Mie sibebwi," alikuwa akisema, "na sisukumwi. Ukitaka kunisaidia, niache nichelewe."

Wenyeji walijifunza. Wageni hawakujua, ndio walioumia. Siku moja basi la kwenda Lindi limesimama stendi, abiria mmoja wa dirishani kamwona Fundi kwenye baiskeli yake, akamrushia sarafu mapajani. Sadaka hiyo. Fundi aliiokota ile sarafu, akaigeuza, akamtazama yule bwana pale dirishani kwa muda mrefu, akasema kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, shati lako linakupwaya begani. Shuka nikupunguzie, hii itatosha." Yule bwana alifunga dirisha. Fundi aliiweka sarafu juu ya ukingo wa baraza na ilikaa hapo hata ikapata kutu, hakuna mtu aliyethubutu kuichukua.

Kisha ikaja ruksa. Redio ikasema ruksa, wakubwa wakasema ruksa, na kila kilichokuwa hakipatikani kikaanza kupatikana. Sisi tuliokuwa tumepanga foleni kwa ajili ya sabuni tulifurahi, sisemi uongo. Lakini kwa mafundi cherehani ruksa ilikuja na mitumba. Marobota yaliteremshwa stendi, yakakatwa kamba, na kwa bei ya kushonesha mkono mmoja wa shati mtu alipata shati zima la Ulaya lenye mifuko miwili. Mafundi wawili walifunga baraza wakaenda kulima. Fundi alibaki, akawa mtu wa kupunguza: suruali za wazungu warefu anazikata, makoti anayageuza visibao. Alifanya kazi hiyo kwa uso wa mtu anayekula chakula cha hospitali.

Lakini ni mitumba hiyo hiyo iliyomletea fulana.

Muuza mitumba mmoja alimpa rundo la fulana kubwa azikate ziwe za watoto. Moja ilikuwa nyeupe, na kifuani ilichapwa picha ya mtu amekaa kwenye kiti cha magurudumu matatu, ameinama mpaka kidevu kimekaribia magoti, mikono iko kwenye magurudumu, na nyuma yake watu wamejaa pande zote mbili za barabara wakimshangilia. Chini pana maandishi. Fundi aliiweka kando, na nilipopita kutoka shule akaniita.

"Soma hapa."

Nikamsomea. Jina la jiji moja la ng'ambo, na kwamba hizo ni mbio za marathoni za jiji hilo, kilomita arobaini na mbili.

"Na huyu aliyekaa?"

"Yumo mbioni. Wanakimbia na hawa pia."

"Arobaini na mbili ni kutoka hapa mpaka wapi?"

Nikamwambia ni karibu na kutoka hapo barazani mpaka kivuko cha Ndundu, na ziada kidogo. Akakaa akiwaza njia yote ile ya mchanga. Halafu akagusa barabara iliyochorwa chini ya magurudumu ya yule mtu, akaisugua kwa kidole kama anayejaribu kitambaa.

"Lami," akasema. "Kwenye lami hata weye ungeshinda, na matope yako."

Ile fulana hakuikata. Aliilipia kwa muuza mitumba kwa kumshonea suruali, na akaitundika ukutani nyuma ya cherehani, mahali ambapo wengine huweka kalenda.

Kuanzia hapo Fundi akawa na wateja katika kijiji cha Dimani. Kila alfajiri, baada ya kuswali, alitoka na baiskeli kwenda Dimani kupima wateja, na kurudi jua limepanda, shati limeganda mgongoni. Mwezi wa kwanza tuliamini. Mwezi wa pili nikamuuliza mkewe, mwanamke mpole mwenye maneno machache, hao wateja wa Dimani nguo zao zinashonwa lini, maana sioni kitambaa. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua uso, "Mwalimu, Dimani hana mteja hata mmoja. Anakimbia." Tukatazamana, tukacheka mpaka mchele ukamwagika. Wala hatukumwambia kama tunajua. Kila akirudi tulimuuliza wateja hawajambo, naye alitujibu hawajambo, wanawasalimu.

Habari ya mbio za Dar es Salaam ilitoka redioni. Jiji litafanya marathoni yake, wakimbiaji watatoka nchi jirani, na kutakuwa na mbio za nusu marathoni kwa walemavu wa baiskeli za mikono. Watatu wa kwanza watapewa viti vya mbio vilivyotoka ng'ambo, vyepesi, vya kuinua kwa mkono mmoja. Fundi aliisikia akiwa na sindano mkononi. Kesho yake alinipa karatasi, akasema niandike jina lake. Nilimuuliza, ili kumchokoza tu, "Na wateja wa Dimani utawaachia nani?" Alinipiga yadi ya magoti, taratibu.

Kiti kile ndicho alichokitaka. Wengine walidhani anataka sifa, lakini mimi alinieleza. Ile baiskeli yake ilikuwa nzito mno kwa mwenyewe kuipandisha ngazi ya baraza, kwa hiyo alilazimika kuiacha chini na kujiburuta kwa mikono mpaka kwenye cherehani, mbele ya wateja, kila siku. Hakupata kulisema hilo kwa mtu. "Ningekuwa na kitu chepesi," alisema, "ningepanda nacho, nikakaa, basi. Watu wangenikuta nimekaa."

Tulisafiri Ijumaa. Kwenye basi utingo alitaka kumbeba, sote tukafumba macho kwa ajili ya vidole vya utingo. Fundi alipanda ngazi za basi kwa mikono, moja moja, abiria thelathini wakisubiri, na hakuna aliyelalamika. Yeye na mkewe walifikia Mbagala kwa jamaa zao. Mimi nilikwenda Magomeni kwa dada yangu, ambaye ameolewa huko.

Jumapili asubuhi nilisimama Jangwani, chini ya mwinuko wa kwenda Magomeni. Dada yangu alinambia hapo ndipo pazuri, maana mbio zinaishia kwenye kiwanja mbele kidogo, na wanaofika hapo wamekwisha kuchoka, utawaona vizuri. Watu walikuwa wengi kupita nilivyotegemea. Palikuwa na wauza kahawa, wauza karanga, watoto juu ya mabega. Baiskeli za walemavu zilikuwa zimetangulia kuondoka, wakimbiaji wakafuata, na wale wakimbiaji wenyewe, wembamba, waliotoka kwenye nyanda za baridi, walizikuta baiskeli njiani wakazipita. Walipopita mbele yetu hatukupiga hata kelele. Walikuwa kama hawakanyagi. Mzee mmoja karibu yangu alisema tu, "Hawa hawali ugali," na watu wakacheka.

Kisha baiskeli ya kwanza, ya mtu wa Tanga. Baada ya muda, ya pili. Halafu nikaona shati jeupe lenye mkono mmoja mpana.

Alikuwa wa tatu. Nilishika kichwa. Fundi wangu, wa Ijumaa na kesho, alikuwa wa tatu katika jiji la Dar es Salaam, na baiskeli yake ya kuchomelea ikilia kila mzunguko. Lakini nyuma yake, si mbali, palikuwa na mwingine, kijana mwenye mikono mirefu, na huyo alikuwa anakuja. Fundi alifika kwenye mwinuko. Pedeli zikapungua. Nilimwona anavyozungusha, kichwa kinakwenda mbele na nyuma, shingo imejaa mishipa, na baiskeli ikaanza kusimama. Kwa sisi watu wa Mbwera, mtumbwi ukikwama topeni maji yakiwa yametoka, anayepita anashuka na kusukuma. Haulizi ni wa nani. Nimekua nikifanya hivyo, nikiwa na sare ya shule, nikiwa na nguo ya harusi, siku zote.

Watu walikuwa wameingia barabarani wakikimbia sambamba naye na kumshangilia. Nikajikuta nami nimo. Nikajikuta mkono wangu uko nyuma ya kiti chake.

Nilisukuma. Hatua ishirini, labda thelathini, mpaka mwinuko ukaanza kulala. Sikufikiri kitu. Nilikumbuka yadi pale nilipoachia, nikaangalia vidole vyangu, nikaona vizima, nikadhani kwa wingi wa watu na kelele hakujua. Yeye hakugeuka. Alikwenda zake, na yule kijana hakumpata.

Msimamizi mmoja alikuwa juu ya pikipiki. Hakunikamata, wala hakunitambua ni nani, lakini aliandika namba ya Fundi. Pale kiwanjani walimtangaza wa tatu, mkewe akapiga kigelegele, na kabla hajafunga mdomo wakatangaza upya kwamba namba ile imefutwa, mshiriki alisukumwa na mtazamaji. Kiti kikaenda kwa kijana mwenye mikono mirefu. Nilikuwa nimefika, nikiwa nahema, na nilisikia yote mawili.

Hapo ndipo ningesema. Nililiona neno liko mdomoni. Fundi alikuwa amekaa kwenye baiskeli yake, jasho linamtiririka, watu wa Kibiti na Mbagala wamemzunguka wakigomba na wasimamizi, na mtu mmoja akamuuliza, "Fundi, alikusukuma mtu?" Akasema, "Mie?" Basi. Neno hilo moja, na watu wote wakajua jibu, maana nani asiyejua habari za yadi? Fundi asukumwe! Walimkasirikia msimamizi mpaka yule mtu akapanda pikipiki yake akaondoka. Na neno langu likarudi tumboni.

Kibiti nzima ikasema kwamba Fundi kadhulumiwa kwa kuwa ni mtu wa shamba. Wakamtaka aandike barua. Naye barua zake zote niliziandika mimi. Nilikaa barazani kwake na kalamu, wateja wamesimama, mkewe yuko mlangoni, na Fundi akatamka taratibu: "Napenda kuwajulisha kuwa sikusukumwa na mtu yeyote." Niliandika. Mwandiko wangu ni mzuri, wa ubaoni, na ile sentensi ilikaa vizuri kwenye karatasi. Nilijichukia, nikapiga muhuri wa shule kwa mkono uliosukuma.

Majibu yalikuja baada ya muda. Kamati ilijibu kwa heshima. Kama yupo aliyekuwa kwenye mwinuko ule na yuko tayari kuapa kwamba mshiriki hakusukumwa, aje, na shauri litatazamwa upya. Niliisoma barua hiyo kwa sauti, mbele ya wote. Nilipomaliza, mkewe alisema kwa furaha, "Si Mwalimu alikuwepo? Si wewe mwenyewe ulituambia ulikuwa pale Jangwani?"

Wote wakanigeukia. Ningeweza kuapa uongo, Fundi akapata kiti chake. Ningeweza kusema kweli, akakosa kiti na jina pia. Sikuweza lolote.

"Watu walikuwa wengi," nikasema. "Sikuona vizuri."

Mkewe alinitazama kama mtu aliyeguswa na maji ya moto. Fundi hakuinua macho. Alikunja ile barua mara nne, akaitia chini ya kitambaa cha cherehani, akasema, "Asiyeona asiape. Basi, yamekwisha." Akashika gurudumu lake akaendelea kushona, na watu wakatawanyika, wakinipisha zaidi ya ilivyohitajika.

Tangu siku hiyo mkewe hakunisalimia. Hakunitukana, hakunisema kwa watu, ila tukikutana kisimani alikuwa anakumbuka kitu nyumbani. Wengine nao walisema Mwalimu kamwangusha Fundi, kaogopa wakubwa wa Dar es Salaam. Mimi nilivumilia, nikaona ni haki yangu, ingawa si kwa sababu waliyoidhani. Fundi peke yake hakubadilika. Aliendelea kunishonea na kunichelewesha, na kunitania matope. Upole wake ndio ulionimaliza. Nilidhani ananisamehe uoga wakati hajui kosa lenyewe, na kila nikivaa nguo aliyonishonea niliona nimeiba. Mwishowe nikaomba uhamisho, nikapelekwa Ngorongo, bondeni.

Nilikaa huko miaka mingi. Habari za Fundi zilinifikia kwa wapita njia: mara anashona bado, mara bega linamsumbua, mara haendi tena Dimani. Mwaka niliostaafu niliambiwa kwamba mkono wa kulia umekwisha kabisa. Nikaona kama sitakwenda sasa, nitakwenda kuzika. Nikapanda gari.

Kibiti ilikuwa imepata lami, nyeusi, na mabasi yakipita bila kupunguza mwendo. Baraza lilikuwepo. Kwenye cherehani, ambayo sasa ilikuwa ya kukanyaga, palikuwa na vitambaa vya mkewe. Yeye ndiye aliyekuwa akishona siku hizo, Fundi anakata tu, kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amekaa mkekani, amekonda, mabega yameshuka. Mkewe aliponiona alisimama, akaingia ndani. Kitu fulani kilisikika kikiwekwa jikoni kwa nguvu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Watu wa matope. Umevaa viatu."

Nilikaa. Hatukuzungumza habari nyingine. Niliogopa kwamba nikianza na afya na mvua sitafika. Nikamwambia, "Fundi, ule mwinuko wa Jangwani. Ni mimi niliyekusukuma." Na nikaanza kulia, mtu mzima mimi, mstaafu, barazani mchana.

Aliniacha nilie. Halafu akasema, "Ulikuwa umevaa gauni la mabega ya kuvimba. Jua lilikuwa nyuma yetu. Niliona kivuli cha mabega kimenipita mbele, nikajua ni ya kwangu. Nilikushonea mwenyewe, Idi ile."

Nilihesabu miaka yangu yote ya Ngorongo.

"Ulijua," nikasema. "Uliniandikisha barua ukijua."

"Watu walikuwa wanasikiliza, Mwalimu."

"Na mkeo?"

Alitazama mlangoni. Kisha akamwita mkewe kwa jina lake, si kwa jina la mtoto kama alivyozoea, na mkewe akatoka akiwa na sinia mkononi. Alisimama akitazama ukuta.

"Keti," akamwambia. "Siku ile ya mbio nilisukumwa. Alinisukuma Mwalimu."

Mkewe alinitazama kwa mara ya kwanza tangu barua ile. Akaweka sinia chini.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua pale pale."

"Miaka yote hii," mkewe akasema, taratibu, "umeniacha nimnunie mwenzangu. Maneno mawili tu, Fundi. Yadi ulikuwa nayo. Kwa nini hukusema kitu pale pale mwinukoni?"

Fundi alitazama mikono yake, ule mnene wa zamani na mwenzake, sasa yote miwili imelingana kwa wembamba.

"Nilikuwa nimechoka, mke wangu," akasema. "Ningesema, angeacha."